Unyoya si Ndege

Lipo swali la zamani ambalo kila kizazi hulipokea kana kwamba ni jipya: je, kitu hujulikana kwa sura yake ya nje, au sura hiyo ni pazia tu linalotuficha kilicho ndani? Waliotutangulia walilijibu kwa mithali, nao walilijibu mara mbili. Walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na wao hao wakasema dalili ya mvua ni mawingu. Mithali ya kwanza inatuonya tusiliamini ganda. Ya pili inatuamrisha tuliamini. Zote mbili zimo vinywani mwetu kila siku, na ni nadra kumsikia mtu akiuliza vipi zinakaa nyumba moja bila ya kugombana.

Makala haya yanataka kulitazama swali hilo kupitia kitu kidogo kabisa, unyoya wa ndege, na kupitia mahali palipo mbali kidogo na visiwa vyetu, yaani Ruaha ya Kilosa na nchi ya Mikumi. Ruaha tunayoikusudia ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, iliyo kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara, baina ya mashamba ya miwa na milima. Jina lake ni la mto. Ruaha Mkuu hutoka nyanda za Usangu, hupita katika hifadhi ya taifa inayoitwa kwa jina lake, huzuiliwa na mabwawa ya Mtera na Kidatu, kisha humwaga maji yake katika Rufiji. Na Rufiji huyafikisha bahari ya Hindi, kuelekea kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mkaazi wa kisiwani asiseme kuwa habari za huko hazimhusu. Maji yaliyowanywesha ndege wa Ruaha huishia katika bahari hii tunayoivua.

Kaskazini ya hapo ndipo ilipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na uwanda wake mpana wa Mkata. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata hifadhi hiyo katikati. Ndege wa huko wamehesabiwa kuwa zaidi ya aina 400. Basi mtu apitaye kando ya barabara au ukingoni mwa mto hakosi kuona unyoya umelala chini, na akiuokota hakosi kuuliza: huu ni wa nani?

Swali hilo si la kitoto. Unyoya ni shahidi, tena shahidi mwenye mengi ya kusema kwa anayejua kumhoji. Unyoya wa ubawa haufanani na unyoya wa mkia, kwani ule wa ncha ya ubawa una upande mmoja mwembamba na mmoja mpana, ili uukate upepo, hali wa katikati ya mkia pande zake mbili hukaribiana. Unyoya wa bundi arukaye usiku huwa laini, na ule wa mbele ya ubawa una vijino kama vya kitana, ambavyo huuvunja mvumo wa hewa ili windo lisisikie mauti yakija. Manyoya membamba ya ndani, yaliyo karibu na ngozi, hayana kazi ya kuruka hata kidogo; kazi yao ni kuhifadhi joto. Na unyoya wa kanga, mweusi wa kijivu uliotapakaa madoa meupe, hauhitaji mtaalamu. Mtoto yeyote wa Kilosa atakwambia ni wa nani.

Ushahidi huo umewahi kubeba jambo zito. Tarehe 4 Oktoba 1960 ndege ya abiria ilianguka mara baada ya kuruka kutoka Boston, Marekani, na watu 62 wakafa. Ndani ya injini zake yalipatikana mabaki ya manyoya. Yalipelekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington, na mwanamke mmoja, Roxie Laybourne, akayatambua kuwa ni ya kwezi. Kutoka hapo akaijenga elimu mpya: aliyatazama manyoya yaliyochanika na kuungua kwa hadubini, akizisoma nyuzi ndogo zilizo chini kabisa ya unyoya, na kutokana nazo akaijua jamii ya ndege. Kazi hiyo aliifanya kwa miongo kadhaa, hata akafariki mwaka 2003, na wahandisi wakaitumia elimu yake kuunda injini zinazostahimili kugongwa na ndege. Hapa mithali ya mawingu na mvua imepata haki yake kamili. Mwenye kudharau dalili za nje angelitupa kipande kile cha unyoya, na pamoja nacho angeliutupa uhai wa wasafiri wengi waliokuja baadaye.

Kwa hiyo hatuwezi kuianza hoja yetu kwa kusema kuwa sura ya nje ni uongo. Unyoya hausemi uongo. Ila kila shahidi ana mipaka ya alichokiona, na kadhi mwema hamuulizi shahidi asilolijua. Tuipime mipaka hiyo kwa ndege wenyewe.

Mpaka wa kwanza ni wakati. Mnana dume, tunayemwona akisuka kiota chake kwenye makuti na matete, huvaa manjano iliyoiva wakati wa kuzaana tu. Msimu ukipita huivua, akawa wa rangi hafifu, karibu sawa na jike lake. Fumbwe naye huuacha mkia wake mrefu, akawa mfano wa shomoro. Aliyemjua mnana kwa manjano yake atampoteza nusu ya mwaka, naye mnana hakwenda popote. Yupo pale pale, katika tawi lile lile. Kilichoondoka ni nguo.

Mpaka wa pili ni mwanga. Katika uwanda wa Mkata yupo kambu, mwenye kifua cha urujuani na mabawa ya buluu inayomzuia mpita njia asiendelee na safari. Tungelidhani kuwa buluu ile ni rangi iliyotiwa katika unyoya kama nili inavyotiwa katika kitambaa. Sivyo. Ndani ya unyoya wa kambu hamna rangi ya buluu. Kuna vijishimo vidogo mno vya hewa vilivyopangika kwa namna ambayo mwanga ukiingia hutawanyika, na kinachorudi machoni petu ni buluu. Upondeponde unyoya huo, buluu itatoweka, ibakie vumbi la kahawia. Buluu ya kambu, basi, si mali ya unyoya peke yake. Ni jambo linalopatikana baina ya unyoya, mwanga na jicho. Sehemu ya tunachokiona tumekitia sisi wenyewe kwa kusimama hapa na si pale.

Shorobo yuko kinyume chake. Akitulia mtini, mabawa yamefungwa, ni kijani na buluu iliyokolea, akichanganyika na majani hata usimwone. Akiruka, mabawa hufunguka na wekundu mkali ukawaka mara moja, kisha ukafichwa tena. Wekundu huo ni rangi ya kweli. Mwaka 1869 mwanakemia wa Kiingereza, Arthur Herbert Church, alieleza kuwa ndani yake mna madini ya shaba, na kuwa huweza kuyeyuka katika maji yenye magadi. Ndege huyu amebeba shaba mabawani, lakini hamwonyeshi kila mtu kila saa. Yeyote aliyemwona amekaa tu, akaandika katika daftari lake kuwa shorobo ni ndege wa kijani, hakusema uongo, na wala hakusema kweli.

Mpaka wa tatu ni mazoea ya jicho. Hondohondo mwenye mdomo mwekundu ni ndege anayejulikana Afrika nzima. Wataalamu walimtazama kwa zaidi ya karne, wakamweka katika vitabu, wakatosheka. Kumbe hondohondo wa nchi ya Ruaha ana ngozi nyeusi kuzunguka jicho, na sauti yake ina namna yake. Mwaka 2002 tu ndipo alipoandikwa kuwa ni aina ya peke yake, akapewa jina la kisayansi Tockus ruahae, yaani wa Ruaha. Wapo waliokubali na wapo waliosita. Kwa miaka mia weusi ule ulikuwa wazi juani, mbele ya macho ya kila mtu. Haukufichwa na pazia lolote ila lile la kudhani kwamba tumekwisha kumjua.

Na iko habari ya kware wa misitu ya Udzungwa, milima inayoitazama Kidatu. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini msituni, wakaona ndani ya chungu cha chakula miguu ya ndege wasiyemfahamu. Manyoya yalikwisha kunyonyolewa. Wakauliza, wakatafuta, na mwaka 1994 ulimwengu wa sayansi ukatangaziwa ndege mpya, ambaye jamaa zake wa karibu wako Asia. Baadaye ndugu yake alipatikana katika milima ya Rubeho, upande wa Kilosa na Mpwapwa. Tunasema ndege mpya, lakini upya huo ulikuwa wa nani? Waliomtia chunguni hawakumwona mpya. Asiyekujua hakuthamini, ndivyo wasemavyo wazee. Nasi tuongeze kuwa mara nyingi anayejua haulizwi.

Mpaka wa nne ndio mkubwa kuliko yote, na ndio utakaowagusa zaidi wapenzi wa mashairi. Wapo ndege ambao manyoya yao hayatoshi kabisa kuwatenga, na kinachowatenga ni sauti. Katika mbuga za Kilombero, kusini ya Ruaha, wamo ndege wadogo wa nyasini, wa kahawia na mistari, ambao mtu anaweza kuwatazama kutwa asione kilichowapambanua na jamaa zao wa kwingineko. Waliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miongo mitatu. Mwaka 2021 ndipo aina mbili zilipoandikwa rasmi kuwa hazipatikani pengine popote duniani, na mwimbo ulikuwa miongoni mwa hoja zilizowapambanua. Jicho lilipokwama, sikio lilifungua mlango.

Ajabu zaidi ni ya fumbwe weusi. Madume wa aina mbalimbali za jamii hiyo wote ni weusi wenye mng'ao wa buluu au kijani, na hata mtaalamu akiwashika mkononi huweza kubabaika. Majike hawajengi viota. Jike hutaga katika kiota cha kindege mwengine, mwekundu na mdogo, ambaye humlea kinda yule pamoja na makinda yake mwenyewe. Kinda la kiume likikua, huvaa weusi wa baba yake ambaye hakumwona. Lakini nyimbo anazoimba, pamoja na zile za kabila lake, ni nyimbo za baba aliyemlea. Jike naye humchagua dume aliyeimba kama walezi wake. Basi ukitaka kumjua fumbwe huyu usimuulize amevaa nini. Sikiliza alilelewa wapi.

Hapo ndipo habari za ndege zinapogeuka kuwa habari zetu. Sisi wanadamu hatuna manyoya, lakini tumejitengenezea: kanzu na kofia, buibui na kilemba, suti na tai, sare ya askari, shuka jekundu la mfugaji. Na juu ya hayo tuna manyoya tusiyoyachagua: rangi ya ngozi, umbo la pua, lafudhi, jina la ukoo. Kwa hayo tunatambuana njiani kabla ya kuamkiana. Swali la kimaadili si kama tunafanya hivyo, kwani kila mtu hufanya. Swali ni kitu gani tunaruhusiwa kukitoa katika utambuzi huo.

Kilosa imewahi kulijibu swali hili kwa damu. Tarehe 8 Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Chanzo chake hakikuwa nguo wala kabila. Chanzo kilikuwa ardhi na maji: mabonde yanayobaki na unyevu wakati wa kiangazi, ambayo mkulima anayataka kwa mpunga na mboga na mfugaji anayataka kwa ng'ombe wake, katika wilaya ambayo mashamba makubwa ya mkonge yalikwisha kutwaa sehemu kubwa ya ardhi njema tangu enzi za ukoloni. Ugomvi wa namna hiyo una watu wake mahsusi: huyu aliyelisha shamba la yule, yule aliyechukua rushwa ya huyu, mpaka huu uliochorwa vibaya. Ungeliweza kuamuliwa kwa majina. Lakini ugomvi unapokua, majina hupotea na kubaki manyoya. Mwenye shuka jekundu anakuwa wafugaji wote. Mwenye jembe begani anakuwa wakulima wote. Na anayelipa ni yule aliyepatikana karibu, ingawa hakulisha shamba la mtu wala hakumpiga ng'ombe wa mtu. Waliokufa Rudewa Mbuyuni walikuwa na majina yao kila mmoja. Waliowaua hawakuyauliza.

Sisi wa visiwani tusijifanye watazamaji. Katika zama za siasa, kabla ya 1964, watu wa mitaa yetu walifika mahali pa kuulizana asili kabla ya kuulizana hali, na majirani waliokopeshana chumvi wakaanza kusomana pua na nywele. Hata leo hatujaiacha kazi hiyo. Yupo kunguru mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa kwetu kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890, akaenea mpaka pwani ya bara. Sisi tunamlaani kuwa ni mgeni aliyetoka India. Dar es Salaam wapo wanaomwita kunguru wa Zanzibar. Unyoya ni ule ule, na kila mji umeusoma kwa namna ya kuitupa aibu upande wa pili wa bahari.

Mpinzani wetu atasema: mmekwisha kukiri kuwa unyoya ni shahidi wa kweli, na mwanadamu hawezi kuishi bila ya dalili. Mgonjwa akiingia hospitali humtafuta aliyevaa nguo nyeupe. Haanzi kwa kumchunguza kila mtu elimu yake. Mama akiona moshi hangoji kuuona moto. Mkitaka tusihukumu mpaka tujue yote, hatutahukumu kamwe, na mwizi atakwisha kuondoka na mzigo.

Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake limo katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili kinatenga kutambua na kujua, na kinatenga vyote viwili na kuhukumu. Kutambua ni kuweka kitu katika jamii yake: huyu ni mnana, yule ni askari. Kujua ni kukaa na kimoja katika hiyo jamii mpaka kikuonyeshe kilicho chake. Kuhukumu ni kutoa thamani na malipo. Unyoya unatosha kwa kutambua, na mgonjwa yule hakosei kumwendea mwenye nguo nyeupe. Unyoya unaweza kuanzisha kujua, kama ulivyofanya mikononi mwa Roxie Laybourne. Kinachoharamishwa ni kuruka kutoka kutambua moja kwa moja mpaka kuhukumu, bila ya kupita katikati. Moshi unamruhusu mama akimbilie jikoni. Haumruhusu amchape mtoto aliyemkuta karibu na jiko.

Tena tuangalie jambo ambalo mpinzani amelipita. Manyoya hayakuota kwa ajili yetu. Yaliota ili yamkinge ndege na baridi, yamrushe, yamfiche na adui, yampambe mbele ya mwenzake. Kwamba sisi nasi tunaweza kumtambua kwayo ni faida ya pembeni. Vivyo hivyo nguo ya mtu kwanza ni sitara yake; kwamba inatuambia sisi ni mtu wa wapi ni jambo la baadaye. Anayeona vazi la mwenzake kuwa ni tangazo aliloandikiwa yeye amejifanya kitovu cha dunia bila ya kujua.

Kiburi hicho kimewahi kuwaangamiza ndege. Yangeyange mkubwa, anayesimama majini katika uwanda wa Mkata na katika mikoko yetu, huota manyoya marefu membamba mgongoni wakati wa kuzaana. Mwishoni mwa karne ya 19 mabibi wa Ulaya na Marekani waliyataka kwa kofia zao, na yangeyange wakauawa kwa wingi viotani mwao, makinda wakabaki kufa njaa. Mwaka 1889 wanawake wa Uingereza waliochukizwa na jambo hilo waliunda chama cha kuwatetea ndege, na mwaka 1921 Bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzuia manyoya hayo kuingizwa. Waliovaa zile kofia waliyapenda manyoya kwa dhati. Hawakumpenda ndege.

Kinyume cha kofia zile tunacho kitu chetu. Wanawake wa pwani waliichukua sura ya ndege kanga, wakaipa nguo jina lake. Ndivyo wengi wanavyosimulia asili ya kanga tunazozivaa, kwamba za mwanzo zilikuwa na madoa mfano wa manyoya ya ndege huyo. Lakini hawakuishia kwenye madoa. Juu ya pindo na mji waliongeza jina, maneno yanayosema kile ambacho ua na rangi haviwezi kusema. Mwanamke anayechagua kanga dukani hutazama rangi, naam, kisha husoma. Na kanga nzuri yenye jina baya huiacha, asije akapeleka kwa jirani ujumbe asioukusudia. Hii ni falsafa nzima iliyokunjwa kabatini: usitosheke na unyoya mpaka uisikie sauti.

Na ushairi je? Katika miaka ya 1970 uwanja wetu wa fasihi uligawanyika. Upande mmoja ulisimama juu ya misingi iliyoelezwa na Amri Abedi mwaka 1954 katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi: shairi lisilo na vina na mizani si shairi. Upande wa pili alikuwamo Euphrase Kezilahabi, aliyetoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, akitunga bila ya kufungwa na vina. Hasira zilizomwagwa katika mjadala huo hazijakauka zote. Tukiutazama kwa jicho la makala haya, ulikuwa mjadala wa manyoya: je, shairi hutambulikana kwa vazi lake?

Jawabu letu ni lile lile tulilolitoa kwa ndege. Vina na mizani havikuja ili mhariri apate urahisi wa kulitambua shairi ukurasani. Vilikuja kwa sababu vinaliinua, vinalipa pumzi, vinalifanya likae kifuani mwa msikilizaji asiye na kitabu. Shairi lenye vina kamili lisilo na fikra ni ndege aliyejazwa pamba kwenye kabati la makumbusho, hana unyoya uliopungua, na haruki. Shairi lisilo na vina wala mdundo mwengine wowote wa kulibeba nalo halina la kujivunia. Ni ndege aliyenyonyolewa. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, walisema wazee, na hawakusema kuwa ubawa wote una rangi moja. Msomaji mwadilifu hulitambua shairi kwa vazi lake, kisha hukaa kimya alisikilize, na baada ya hapo tu ndipo anapohukumu.

Sasa tunaweza kurudi kwenye zile mithali mbili na kuona kwa nini hazigombani. Dalili ya mvua ni mawingu ni mithali ya mwenye safari: inamfundisha ajitayarishe kwa alichokiona. Uzuri wa mkakasi ni mithali ya mwenye kuchagua, anayetaka kuoa, kuuza, kuamini au kuadhibu, nayo inamfundisha afungue kifuniko. Ya kwanza inatosha pale ambapo kukosea kwetu kutatugharimu sisi wenyewe, tulowe au tubebe mwavuli bure. Ya pili ni wajibu pale ambapo kukosea kwetu kutamgharimu mwengine. Kadiri gharama ya mwengine inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyotupasa kusubiri zaidi, kusikiliza zaidi, na kuwauliza wale walioishi naye.

Subira hiyo ina mazoezi yake, na manyoya yanaweza kuwa darasa zuri kwa vijana wetu. Anayemtazama mnana mwaka mzima atajifunza kuwa aliyemwona mwezi Machi na aliyemwona mwezi Agosti ni mmoja. Anayemngoja shorobo aruke atajifunza kuwa kuna shaba isiyoonekana kwa aliyeharakisha. Anayemsikiliza fumbwe atajifunza kuwa malezi nayo ni nasaba. Atakayejifunza hayo kwa ndege, akaja akasimama mbele ya mtu mwenye shuka jekundu, au mwenye lafudhi ya bara, au mwenye lafudhi ya Pemba, huenda akaanza kwa kumuuliza jina lake.